Kipembe cha bahari: ukiokota kimoja Mtwara, uandike jina gani?

Kwa miaka miwili kabati la klabu yetu ya baiolojia lilikuwa na kipembe kimoja cha kijani, yaani gamba la moluska wa baharini lenye umbo la pembe ndogo ya ndovu, kilichobandikwa lebo ya *Dentalium elephantinum*. Mwandiko ni wangu. Nilikiokota ufukweni Shangani, hapa Mtwara, nikafungua kitabu, nikaona picha ya kijani, nikaandika. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili akaniuliza, "Mwalimu, kitabu kinasema mbavu kama kumi. Mbona hiki hakina hata moja?" Nilikichukua, nikakigeuza dirishani, nikakikwangua kwa ukucha. Kijani kikabaki kwenye ukucha. Kilikuwa mwani ulioota juu ya gamba. Chini yake kipembe kilikuwa cheupe pe, laini kama kikombe cha kahawa.

Tangu siku hiyo nimeacha kulinganisha vipembe na picha, ninalinganisha kipembe na kipembe. Ninayoandika hapa ni kwa mtu mwenye vipembe vitatu vinne ndani ya kopo na anayetaka kujua aviandike nini. Ninachoegemea nakisema mapema: rangi na urefu viache mpaka mwisho. Anza kwa kuangalia gamba limenenepa wapi, kisha nenda kwenye ncha. Ncha ndiyo inayobeba ushahidi mwingi, na ndiyo inayovunjika kwanza mtu akianza kusafisha.

"Kipembe" ni neno la wanafunzi wangu, nami nimelipokea. Wanasayansi wanaiita ngeli yake, yaani kundi lake kubwa, Scaphopoda, jina alilolitoa Bronn mwaka 1862 kutokana na Kigiriki: *skaphe* ni mtumbwi, *pous* ni mguu. Mguu-mtumbwi, jina ambalo mtu wa Mikindani hawezi kulikataa. Jenasi maarufu zaidi, Dentalium, ilipewa jina na Linnaeus mwaka 1758 kutokana na neno la Kilatini la jino. Wao waliona jino, sisi tunaona pembe. Lakini hata jino la tembo tunaliita pembe, kwa hiyo hatujatofautiana sana.

Spishi zilizo hai ni zaidi ya 500 duniani. Zote zina mpango mmoja: gamba la mrija, limepinda kidogo, wazi pande zote mbili, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili. Usawa huo ndio unaochosha. Kome mmoja na mwenzake wanaweza kutofautiana kwa rangi, miiba, mizunguko na kifuniko. Kipembe kina mdomo (upande mpana), ncha (upande mwembamba), mpindo na ngozi ya juu. Uamuzi wako wote utatoka kwenye vitu hivyo vinne.

Kwanza, je, ni kipembe kweli?

Kishike kuelekea jua uchungulie, au kidondoshee maji upande mpana uone kama yanatokea upande mwembamba. Kikiwa kimeziba mchanga, kiloweke kwanza kwenye maji ya bomba usiku kucha. Kama upande mwembamba umezibwa na gamba lenyewe, hicho si kipembe. Kuna konokono wadogo sana wa jenasi Caecum, wa milimita chache tu, ambao gamba lao la utu uzima ni mrija uliopinda, ila nyuma umefungwa kwa kizibo. Kuna pia moluska wanaoelea majini, Creseis, wenye gamba kama sindano ya kioo, nao ncha yao imefunga.

Miiba ya yule mnyama wa mviringo anayewachoma waokota pweza haitakusumbua sana. Upande wake mmoja una kitako chenye kishimo, mahali ulipokaa juu ya kifundo cha mwili wake. Wala mirija ya mdudu anayetoboa mashua, yule aliyewafanya wazee wapake deheni chini ya vyombo vyao, haitakusumbua: ni ya chokaa, ndiyo, lakini inajipinda ovyo ikifuata ubao, na haina ulaini wa kitu kilichokua kikiwa huru mchangani.

Anayesumbua kweli ni mnyoo wa jenasi Ditrupa. Minyoo bahari wengi wanaojenga mirija ya chokaa huigandisha kwenye mawe. Huyu hapana. Mrija wake uko huru mchangani, umepinda kama pembe, uko wazi pande zote mbili. Müller alipomwelezea mwaka 1776 alimwandika kama *Dentalium arietinum*, yaani alimweka miongoni mwa vipembe. Kwa hiyo ukikosea hapa umekosea pamoja na wakubwa.

Nivilinganishe vizuri, maana hapa ndipo nilipoteza muda mwingi. Mrija wa Ditrupa hauna mbavu hata moja, kwa hiyo kipembe chenye mbavu kimeshajitenga. Vilivyo laini ndivyo vya kupeleka kwenye lenzi. Chukua kilichovunjika, uangalie ukuta wake pale ulipokatika: wa Ditrupa una tabaka mbili zinazoonekana, la nje linapitisha mwanga kama glasi chafu, la ndani ni jeupe zito. Halafu angalia mdomo. Mrija wa mnyoo hunenepa unapokaribia mdomo, kisha unabana ghafla, kama shingo iliyofungwa uzi. Vipo vipembe vinavyonenepa karibu na mdomo pia, lakini vyenyewe hupungua taratibu, ukuta wao ni mwembamba, na mdomo mara nyingi umekatwa mshazari. Kama huna kilichovunjika, usivunje kizima kwa ajili hiyo, tafuta kingine. Baada ya upepo wa kusi kuchafua bahari, vipande havikosi.

Pili: kimenenepa mdomoni au tumboni?

Vipembe vyote vya leo vinaingia kwenye oda mbili, yaani makundi mawili ndani ya ngeli yao: Dentaliida na Gadilida. Kwa gamba tupu, swali ni moja: sehemu nene kuliko zote iko wapi?

Dentaliida hupanuka taratibu kutoka nchani hadi mdomoni, na mdomo ndio wenye upana mkubwa kuliko kote. Hivyo ndivyo vinavyofanana hasa na pembe za ndovu. Gadilida wengi wana tumbo: gamba linapanuka, linafikia kilele, halafu linapungua kabla ya kufika mdomoni. Kwenye jenasi Gadila tumbo hilo ni dogo na liko karibu na mdomo. Kwenye Cadulus ni kubwa, gamba ni fupi, na kitu chote kinaelekea kufanana na pipa dogo au punje ya mchele iliyovimba. Wengi wao ni wadogo, wa milimita kadhaa hadi sentimita moja na ushee, weupe au wenye kupitisha mwanga, wanang'aa.

Jicho linadanganya kwenye kitu chenye urefu wa punje ya mchele, kwa hiyo sisi tunatumia kadi. Toboa tundu kwenye kadi ngumu, lipanue kwa sindano mpaka mdomo wa kipembe uenee sawasawa. Kisha kisukume polepole, mdomo ukitangulia. Cha Dentaliida kitapita chote, maana hakuna sehemu nyingine pana kuliko mdomo. Cha Gadila kitaingia mdomo na kukwama tumboni. Njia hii haina gharama na hata mtoto wa darasa la tano anaifanya.

Ipo tofauti moja ya kukumbuka. Ndani ya Gadilida kuna familia ya Entalinidae ambayo gamba lake lina mbavu na mdomo ndio mpana zaidi, kwa hiyo ukifuata kadi peke yake utaiweka kwa Dentaliida. Wengi wao ni wa maji marefu. Kwenye ufukwe wa Shangani au Mikindani huna sababu kubwa ya kuwawazia, ila kipembe kikitoka kwenye matope ya kina kirefu, weka shaka.

Ukimpata mnyama mwenyewe akiwa hai, kadi haihitajiki. Mikindani, siku za bamvua, maji hukauka mbali kwenye saa nne, saa tano asubuhi, na kina mama huwa wameshafika na ndoo zao kutafuta chaza na kombe. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye tope lenye mchanga, karibu na mikoko, nikachekecha kwa chekecheo la unga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unachekecha nini na viatu vya shule?"

Nikamwonyesha. Akacheka. "Hivi? Hivi vinatuchoma nyayo tu, sisi tunavitupa."

Tulikiweka kimoja kwenye bakuli lake la plastiki pamoja na maji ya bahari na mchanga kidogo. Dakika kama kumi hakikufanya chochote, akarudi kwenye kazi yake. Halafu mdomoni kikatoka kitu cheupe, chembamba kama uzi wa kushonea, kikajinyoosha, kikachoma mchanga. Mwisho wake ukafunguka kama sahani ndogo, ukashika, na gamba zima likavutwa chini. Nilimwita. Akainama akiwa ameshika goti. "Kumbe kina ulimi!"

Ule haukuwa ulimi, ulikuwa mguu, na ile sahani ndiyo iliyotupa jibu. Mguu wa Gadilida ni kama mnyoo na unaishia na sahani. Wa Dentaliida ni mnene, umechongoka kama koni, na pembeni una mikunjo miwili mithili ya mabawa ambayo hufunguka na kushika mchanga kama nanga. Ukiona mguu, umeshamaliza swali la oda kwa uhakika kuliko gamba lolote litakavyokupa. Baada ya hapo kirudishe mchangani.

Wakati huo huo utaelewa kwa nini ncha ni muhimu. Mnyama huyu hukaa amejifukia, mdomo mpana ukiwa chini na ncha ikielekea juu. Hana matamvua, hana macho. Maji ya kupumulia huyavuta kupitia ncha, na huyatoa kupitia hapo hapo, na kinyesi hapo hapo. Ncha ni pua na ni choo. Huko chini mdomoni anatoa nyuzi nyingi nyembamba zenye vichwa vya kunata, anapapasa katikati ya chembe za mchanga na kuokota foraminifera, viumbe wa chembehai moja wenye vigamba vidogo. Kwa anayetafuta vipembe, maana yake ni nyepesi: tafuta mchanga laini wenye chembe hizo, usipoteze muda kwenye changarawe ya matumbawe.

Tatu: vyenye mbavu

Sasa uko ndani ya Dentaliida. Pitisha ukucha kwa kuzunguka gamba. Ukikwaruza kama kwenye bati la kuezekea, una mbavu, na pengine una Dentalium.

Hesabu mbavu mahali patatu: karibu na ncha, katikati, na mdomoni. Ukihesabu mahali pamoja utajidanganya, kwa sababu mbavu mpya huchipuka katikati ya zile za zamani kadiri gamba linavyokua. Kipembe kimoja kinaweza kuanza na mbavu chache na kuishia na zaidi. Andika namba zote tatu.

Kuna mbinu niliyoigundua kwa uvivu. Mdomo wa kipembe ukiugusisha kwenye pedi ya wino wa muhuri na kuubonyeza kwenye karatasi, unaacha umbo lake. Vilivyo laini vinaacha duara. *Dentalium octangulatum*, iliyoelezwa na Donovan mwaka 1804, inaacha pembenane, kwa kuwa mbavu zake nane kwa kawaida ni kali na katikati yake ukuta umebonyea au umenyooka. Nasema kwa kawaida: wapo wenye pungufu na wenye zaidi, kwa hiyo usitupe kipembe kwa sababu muhuri umetoa pembesaba. Jina la spishi nyingine, *Dentalium bisexangulatum*, nalo ni hesabu tu ya Kilatini, sita mara mbili.

Wanaochanganya zaidi ni wale wawili wa kijani, na ndipo lebo yangu ya zamani ilipotaka kuingia. *Dentalium elephantinum*, ya Linnaeus mwaka 1758, jina lake ni la tembo. *Dentalium aprinum*, ya Linnaeus huyo huyo mwaka 1767, ni la nguruwe mwitu. Majina hayo yanasaidia kuliko maelezo mengi. Cha tembo ni kinene, kizito mkononi, kijani kilichokolea upande wa mdomo na kufifia kuelekea ncha iliyo nyeupe, mbavu karibu 10 zilizoinuka vizuri. Cha nguruwe ni chembamba zaidi kwa urefu ule ule, na kijani chake ni hafifu. Idadi ya mbavu zao inakaribiana, kwa hiyo mbavu hazitakuamulia. Pima: gawanya urefu kwa upana wa mdomo. Kipembe kinene kitakupa namba ndogo. Fanya hivyo kwa vipembe vyote ulivyonavyo kabla ya kuandika jina, maana "kinene" na "chembamba" havina maana kama una kimoja tu mkononi.

Na kuhusu cha tembo, uwe mwangalifu na kilikotoka. Nyumbani kwake panapojulikana sana ni Ufilipino na kaskazini mwa Australia, na makombe ya Ufilipino huuzwa kwenye maduka ya mapambo dunia nzima. Kipembe kizuri cha kijani ulichopewa zawadi si ushahidi kwamba kiliishi Mtwara. Kama hukukiokota mwenyewe, lebo iseme hivyo.

Jenasi ya Fissidentalium nitaipita haraka. Ina mbavu nyingi nyembamba, hata makumi, gamba kubwa lenye ngozi kama chaki, na mara nyingi mpasuko mrefu nchani. Ni ya maji marefu. Mtu akikuletea, mwulize alikitoa wapi kabla hujauliza ni nini.

Nne: vilivyo laini

Hapa ndipo penye utamu na maumivu. Vipembe vingi vya ufukweni kwetu vinavyoonekana "havina kitu" vinaangukia hapa, na mtu anayekata tamaa huviandika vyote Dentalium. Zamani isingekuwa kosa. Waandishi wa karne ya 19 waliweka karibu kila kipembe humo. Leo jina hilo linabeba vyenye mbavu, na vilivyo laini vimegawanywa.

Weka kipembe chini ya lenzi ya kukuza mara 10, uangalie ile robo ya mwisho kuelekea nchani, mwanga ukitoka ubavuni na si juu. Mwanga wa kutoka juu unafuta mistari yote. Sisi tunatumia tochi ya simu iliyolazwa juu ya meza.

| Unachokiona nchani | Sehemu nyingine ya gamba | Jenasi ya kuanzia |
|---|---|---|
| Mbavu ndogo zinazofifia | Laini au karibu laini | Antalis |
| Mistari myembamba mno, iliyosongamana, iliyochorwa ndani | Laini, inang'aa | Graptacme |
| Hakuna mistari ya urefu kabisa | Duara za ukuaji tu | Laevidentalium |
| Mpasuko mwembamba mrefu | Limesuguliwa kama kioo | Fustiaria |
| Kijirija kinachochomoza ndani ya ncha | Dogo, kama sindano | Episiphon |

Mistari mitatu ya kwanza ya jedwali ndiyo itakayokula muda wako. Tofauti ya Antalis na Graptacme ni ya kuinuka na kuzama: kwenye Antalis ni mbavu, zimetokeza, ukucha unaweza kuzihisi, kwenye Graptacme ni mikwaruzo, kama mtu amepitisha sindano mara nyingi sambamba, na ukucha hausikii kitu. Jina lenyewe ni la Kigiriki, ncha iliyochorwa. Pilsbry na Sharp, walioitenga mwaka 1897, walikuwa wanaangalia jambo hilo hilo unaloliangalia wewe na tochi ya simu.

Laevidentalium ni jina la kutokuwepo kwa kitu, na kutokuwepo ni kugumu kuthibitisha. Kipembe kinaweza kuwa laini kwa sababu kimezaliwa laini, au kwa sababu mawimbi yamekisugua, au kwa sababu ncha yake ya awali haipo tena. La mwisho hili wengi hawalijui. Mnyama akikua, tundu la ncha linakuwa dogo mno kwa mahitaji yake ya maji, basi anaiyeyusha ncha mwenyewe kidogo kidogo huku akiongeza gamba mdomoni. Mtu mzima anatembea na nyumba ambayo chumba chake cha kwanza kilishabomolewa. Mbavu za utotoni zinaweza kuondoka nayo. Ndiyo maana Antalis mzee anaweza kukuonyesha gamba tupu, laini, na wewe ukamwita Laevidentalium kwa nia njema.

Mfano ulio karibu nasi ni *Antalis longitrorsa*, spishi ya Bahari ya Hindi na Pasifiki magharibi: ndefu, nyembamba, imepinda kwa ulaini, inang'aa. Reeve aliielezea mwaka 1842 kama Dentalium, na baadaye wapo walioiweka Laevidentalium kwa sababu ya ulaini wake. Ukiwa na kipembe kirefu chembamba kutoka Shangani, jina hili ndilo la kwanza kulijaribu, lakini lijaribu kwa vipembe kadhaa vya umri tofauti. Vidogo vyenye ncha nzima ndivyo vitakavyoshuhudia. Kikubwa kizuri cha kupigia picha mara nyingi hakina cha kusema.

Utajuaje kama ncha ni nzima? Ncha iliyoyeyushwa na mnyama ina ukingo laini, mara nyingi ina pengo dogo au mpasuko wa makusudi, na kwa kawaida pengo hilo liko upande wa nje wa upinde. Iliyovunjika ina ukingo wa meno meno, umekatika popote. Kijirija kidogo kinachochungulia ndani ya ncha kubwa si lazima kiwe Episiphon, kwani vipembe vingine vikipoteza ncha vinajenga kijirija cha kuziba pengo. Episiphon inajulikana kwa wembamba wake wote, wa sindano, na udogo.

Ulichofanya wewe kwenye gamba

Kabla hujasema gamba ni laini, jiulize umelisafisha kwa nini. Mimi nililoweka vipembe kumi na viwili kwenye siki ili viwe vyeupe kwa ajili ya maonyesho ya shule. Vilitoa mapovu mazuri. Mapovu yale yalikuwa gamba lenyewe likiondoka: gamba la kipembe ni chokaa, na siki ni asidi. Asubuhi vyote vilikuwa vimefubaa kama chaki, na mistari niliyokuwa nimeihesabu jana yake kwenye viwili kati yake haikuwepo. Kumi na viwili, vyote sasa vimeandikwa "laini".

Maji ya bomba, brashi laini ya meno, na subira. Mwani mkaidi nautoa kwa kijiti cha mnazi.

Lenzi, hadubini au maabara?

Kwa anayeuliza anunue nini: lenzi ya mara 10 itakufikisha kwenye jenasi kwa vipembe vingi vyenye ncha nzima. Hadubini ya shule inasaidia kwa vile vya Gadilida, ambavyo mipasuko midogo ya nchani ndiyo inayotenganisha jenasi, na kwa vile vidogo kama sindano. Ukiwa na mnyama mwenyewe ndani ya spiriti, hadubini inakupa pia meno ya utepe wa kusagia: jino la kati la Dentaliida ni pana kuliko kimo chake, la Gadilida linakaribia mraba. Vipimo vya vinasaba ni vya vyuo, na vinahitaji nyama, si gamba lililopigwa jua. Nikiwa na pesa ya kitu kimoja ningenunua lenzi nzuri, na inayobaki ningenunulia vichupa vyenye vifuniko.

Jambo la mahali: Msimbati na upande wote wa kuelekea mdomo wa Ruvuma umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Humo usiokote bila kibali, hata gamba tupu. Piga picha: moja ya ubavu na rula pembeni, moja ya mdomo, mbili za ncha. Gamba tupu lenyewe linaweza kuwa na mpangaji. Kuna minyoo bahari na hata kaa wadogo wanaohamia kwenye vipembe vilivyoachwa, kwa hiyo chungulia kabla ya kutia mfukoni.

Kwenye lebo, andika mpaka pale ushahidi wako unapofika na usiongeze. "Dentalium, mbavu 8 nchani, 8 katikati, 9 mdomoni" ni lebo nzuri kuliko jina la spishi lililokisiwa. Kama kinafanana na spishi unayoifahamu lakini huna hakika, wanasayansi huweka *cf.* katikati ya majina, kifupi cha neno la Kilatini lenye maana ya "linganisha". *Antalis* cf. *longitrorsa*. Kipembe kilichochongwa na mawimbi mpaka hakina ncha kiandike Dentaliida, ukiishie hapo. Ongeza mahali, aina ya mchanga, maji yalikuwa wapi, kilikuwa hai au tupu, na nani alikiokota.

Kile cha kwanza bado kiko kabatini. Mwanafunzi yule wa kidato cha pili ndiye aliyeandika lebo mpya, nami nikaisaini: "Dentaliida. Laini, ncha imevunjika. Shangani, tupu, juu ya mchanga. Kijani ni mwani."